Muhuri wa Duane

Nilimtoa mpakani, ndani ya kikapu cha muuza vitunguu,
mdogo kama soksi iliyokunjwa.
Nikamwita Duane,
maana kila mfuko ulioingia nyumbani
aliukagua kwanza: pua, ukucha, pua tena.
Rushwa hakupokea, isipokuwa sambaza.

Miaka miwili alijisaidia ndani ya beseni,
akafukia, akaondoka bila kugeuka nyuma
kama mtu aliyemaliza deni.
Mwezi wa tisa akaanza kugonga muhuri.

Kwanza godoro. Halafu viatu vya kanisani vya Mumbere.
Halafu, kila alfajiri, bila kukosa,
lile begi la buluu nyuma ya mlango.

Nani Goma hana begi lake?
Tangu usiku ule wa Mei, mlima ulipomwaga,
nasi tukakimbilia Sake na sufuria moja isiyo na mfuniko,
niliapa: safari ijayo itanikuta tayari.
Hati ya parsele, diploma, dawa ya homa, biskuti.
Nikafunga zipu, nikaliegemeza pale.
Paka akalikojolea.

Mkojo wa paka hauna haya.
Unapanda na joto la makala,
unaketi na wageni, unanawa nao mikono,
unaonja bugali kabla yao.

Mashauri nilipewa bure, na bure ndiyo bei yake.
Mama Kavugho: msugue pua palepale.
Paluku: mpakie pikipiki, ukamwache Munigi.
Shemeji akashusha sauti: paka akikojolea begi, mlima unasikia.
Nilinyunyiza pilipili. Nilichemsha ndimu.
Nilimpiga, mara moja, kwa kandambili;
akaingia chini ya kitanda, akanitazama
kama jirani uliyemsingizia wizi.

Daktari wa mifugo pale Katindo,
mtu wa ng'ombe, vidole kama mihogo,
akambinya tumbo polepole.
Kibofu kilaini. Damu hakuna.
"Beseni lake," akasema, "umebadilisha nini?"

Hakuna, nilijibu.
Na juu ya pikipiki, njia nzima, nikarudia: hakuna.

Mpaka nilipofika nikakumbuka Muhindo seremala
alifunga karakana, maranda yakaisha,
nami nikajaza beseni kokoto za lava.
Za bure. Ziko kila mahali.

Nikavua kandambili.
Mtu mzima, mama wa watoto wawili,
nikaingia ndani ya beseni la paka kwa mguu mtupu
nikasimama.

Linakata, jiwe hili.
Tumelijengea kuta, ngazi, vyoo,
tumelilazia wafu wetu,
tumelizoea hadi tunaliita udongo.
Yeye peke yake ndiye aliyekataa.

Jioni ile nilienda kwa vijana wanaochonga chukudu,
nikarudi na gunia la maranda ya mkaratusi.
Siku ya kwanza, begi. Siku ya pili, begi.
Ya tatu alichimba, akachuchumaa, akafukia,
nami nyuma ya pazia nimejiziba mdomo
nisimharibie.

Likabaki begi lenyewe. Lazima lifuliwe.
Zipu imeshika kutu.
Biskuti zimekuwa unga. Dawa imepitwa na tarehe.
Fulana ya Mumbere: leo haipiti hata kichwani.
Nikapekua hadi chini, nikapekua tena.
Hakuna kitambaa, hakuna kofia, hakuna kadi ya chanjo
ya Kahindo, aliyezaliwa tangu hapo,
aliyekuwa mgongoni mwangu wakati huo akinivuta nywele.

Ningekimbia na begi lisilomjua mwanangu.

Nimelianika juu ya ukuta wa mawe siku nne.
Mvua ikinyesha bado linanuka kidogo, sikatai.
Nimelifunga upya, kofia ndogo juu kabisa.

Duane amekuja. Pua, ukucha, pua tena.
Akapiga miayo,
akaelekea jikoni
ambako sambaza zilikuwa zinapoa.